UZI MAALUM: Tunaojifunza kuchanganya na kubuni kokteli tukutane hapa

Mpima Ndimu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Mimi ni mtu wa kaunta, niko hoteli moja huku Unguja. Ujumbe wa faragha ninaoupata karibu wote unafanana: "Mkuu, meneja anataka kokteli mpya kwenye menyu, nipe wazo." Ukimuuliza mdau huyo daikiri (ramu, ndimu na sukari) anaipima vipi, anasema anamimina kwa jicho. Nimeona bora niandike mara moja hapa kuliko kujibu mmoja mmoja.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubisha abishe: kokteli mpya haitolewi hewani. Unachukua kinywaji cha zamani ambacho vipimo vyake unavijua kwa mililita, unabadilisha kitu kimoja, unaonja, unaandika. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimeharibu na kipi kimetengeneza.

Historia kidogo, haina urefu. Tarehe 13 Mei 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilimjibu msomaji aliyeuliza kokteli ni kitu gani: pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na bitazi. Bitazi ni yale matone machungu ya mizizi na viungo. Ya Angostura inayojulikana zaidi ilianza na daktari Johann Siegert huko Venezuela mwaka 1824, siku hizi inatoka Trinidad. Sasa angalia tena ile orodha. Maji yametajwa. Hapa kwetu mteja akiona barafu inayeyuka anadhani anaibiwa, na mtu wa kaunta naye anaona maji ni hasara. Nitarudi hapo.

Ukoo wa kokteli ni mkubwa lakini milango ya kuingilia ni michache. Kuna pombe kali na utamu kidogo na bitazi (Old Fashioned). Kuna pombe kali na vermuti (mvinyo uliotiwa mitishamba na viungo), humo mna Manhattan, Martini na Negroni. Kuna ndefu, yaani toti na soda: jini na toniki, Konyagi na Stoney Tangawizi. Na kuna chachu (kwa Kiingereza "sour"): pombe kali, ndimu, sukari. Huu wa mwisho ndio shule yenyewe, kwa hiyo nitakaa hapo.

Chukua daikiri. Jina ni la kijiji cha Daiquirí karibu na Santiago, Cuba, kwenye machimbo ya chuma, na inahusishwa na mhandisi Mmarekani Jennings Cox mwishoni mwa karne ya 19. Kipimo ninachofundishia vijana wangu:

Ramu nyeupe 60 ml
Maji ya ndimu iliyokamuliwa leo, 30 ml
Shira 22 ml

Shira ni ile mnayoijua kwenye kaimati, ila hii haichemshwi ikawa nzito. Sukari gramu 100, maji gramu 100, koroga hadi iyeyuke. Pima kwa mizani, usipime kwa kikombe. Kwenye 22 ml za shira hiyo kuna sukari kama gramu 13 na nusu. Ukitengeneza nzito, sukari mbili kwa maji moja, 15 ml tu zinakupa sukari ileile. Mtu asiyejua hili anabadilisha shira na kumimina kipimo kilekile, kisha anashangaa daikiri imekuwa juisi ya mtoto.

Halafu barafu. Ukitikisa kinywaji cha ndimu sekunde 10 hadi 15 kwa nguvu, robo hadi theluthi ya kitakachokuwa kwenye glasi ni maji yaliyotoka kwenye barafu. Hayo ni sehemu ya mapishi. Ukali wa pombe unafunguka, ndimu inatulia, na kinywaji kinashuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda kwa sababu kuna pombe ndani. Ndiyo maana ukichanganya vitu vilevile bila barafu, ukaweka chupa kwenye friji na kumimina, ladha inakuwa nzito na ya kukwaruza. Ongeza maji kwanza.

Cha ndimu, juisi au yai kinatikiswa. Cha pombe tupu kinakorogwa taratibu, kama nusu dakika, ili kisijae mapovu ya hewa. Barafu iliyolowa mwage maji yake kabla hujaitumia, na iwe mapande makubwa magumu. Zile chengachenga za mashine zinayeyuka kabla hujamaliza kufunga chombo.

Maswali karibuni. Nitaendelea na sehemu ya kubuni.

Kijana wa Sinza

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkuu, sisi wa mtaani tusio na vifaa? Nimeona bei ya seti ya baa dukani nikafunga mlango polepole.

Mpima Ndimu

Kijana, chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza, ile ya jamu au asali, inatikisa vizuri tu. Usiijaze, acha nafasi, na shikilia kifuniko. Kichujio cha chai kinatosha. Mchi wa kinu kidogo cha nyumbani utapondea ndimu na mnanaa. Kipimo: nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano jipya la 20 ml, bila sindano yenyewe. Linapima kwa usahihi kuliko vipimo vingi vya baa ninavyovijua. Pesa yako ya kwanza iwe ya mizani ndogo ya jikoni.

Nyundo ya Mwanza

Mimi nina mjomba amekaa kaunta tangu sijazaliwa, hajawahi kushika kipimo na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Mnatufanya tuonekane wakemia.

Mpima Ndimu

Mzee wako namheshimu. Mkono wake umeshakuwa kipimo, na ukimwekea glasi chini ya mkono huo utakuta anamimina kilekile kila mara. Wewe mkono wako bado haujafika. Halafu kuna jambo jingine: mjomba akienda likizo, nani atatengeneza kile kinywaji? Kisichoandikwa hakiwezi kuwekwa kwenye menyu.

Ustaadh wa Kibandani

Assalaam alaykum. Nawaona mnavyohangaika kutengeneza haramu kwa ufundi mkubwa. Ufundi huo ungehamia kwenye vinywaji vya halali tungefaidika sote. Sitagombana na mtu, nimesema tu.

Mama Iliki

Waalaykumu salaam Ustaadh. Na mimi nauliza upande huo huo. Nina biashara ya vinywaji kwenye harusi, wateja wangu wengi hawagusi pombe. Mokteli zangu (kokteli zisizo na pombe) zinasifiwa kwa rangi, lakini baada ya glasi moja watu wanarudi kwenye maji ya kunywa. Tatizo ni nini?

Mpima Ndimu

Waalaykumu salaam Ustaadh, umesema kwa adabu na nimekusikia.

Dada Iliki, swali lako ni gumu kuliko la wenye pombe, na nalipenda. Pombe inafanya kazi mbili ambazo juisi haifanyi: inauma kidogo kooni, na inakausha ulimi, kwa hiyo mtu anatamani funda jingine. Ukiitoa unabaki na sukari na ndimu, na sukari inachosha haraka. Dawa yake si kuongeza rangi. Tafuta kinachouma na kinachokausha.

Kinachouma: tangawizi mbichi iliyokamuliwa, pilipili manga, au siki kidogo iliyochanganywa na shira ya matunda. Kinachokausha: chai ya rangi nzito iliyopoa, au rozela. Jaribu hii kwa glasi moja ndefu: chai nzito ya rangi 60 ml, maji ya ukwaju yaliyochujwa 30 ml, shira ya iliki 20 ml, maji ya tangawizi 5 ml, barafu, malizia kwa soda isiyo na sukari. Kwa harusi changanya yote isipokuwa soda, weka kwenye baridi, soda iingie wakati wa kumimina.

Mama Iliki

Hiyo ya chai nimeielewa palepale. Chai ya maziwa haiendi, sivyo? 😂

Mpima Ndimu

Haiendi dada, ukwaju utayakata maziwa mbele ya bwana harusi.

Mswahili wa Tudor

Salamu kutoka Mombasa. Uzi wa kokteli Afrika Mashariki halafu hamjataja dawa hata mara moja? Hii ndiyo kokteli yetu inayojulikana na watalii wote. Mtu anashuka ndege na jina lake mdomoni.

Mpima Ndimu

Nilikuwa naihifadhi kwa sehemu ya kubuni, umenitangulia. Sawa, tuingie.

Dawa ilipata jina kwenye mkahawa wa Carnivore, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980. Vodka, ndimu iliyokatwa na kupondwa, sukari kidogo, barafu iliyopondwa, na kijiti chenye asali nzito. Sasa weka pembeni yake caipirinha ya Brazil: cachaça (pombe kali ya maji ya miwa), ndimu iliyopondwa, sukari, barafu. Umeona mifupa? Ni ileile. Pombe imebadilika, na sehemu ya utamu imehamia kwenye kijiti.

Kijiti hicho ndicho kinachonifanya niiheshimu. Asali haiyeyuki vizuri kwenye baridi. Mtu wa kaunta yeyote atakwambia asali ichanganywe na maji ya moto kwanza ndipo iingie kwenye kokteli. Dawa imefanya udhaifu huo kuwa mchezo: unaanza na kinywaji kikali chenye uchachu, unakoroga mwenyewe, na kadiri unavyokoroga na barafu inavyoyeyuka, asali inaingia. Mteja anajipimia utamu wake. Anayekuletea dawa iliyokorogwa tayari, kijiti cha pambo tu, amekunyima nusu ya kinywaji.

Mswahili wa Tudor

Hapo umeongea. Ila waambie wageni wa Kenya wajihadhari: ukienda mkahawa wa kahawa ukasema "dawa" utaletewa kikombe cha moto cha tangawizi, limau na asali, hakina pombe hata tone. Nimeona mtalii amekitazama kile kikombe kama amepewa hukumu.

Mtaalamu Uchwara

Naomba kupinga kidogo. Mwanzisha uzi anasema badilisha kitu kimoja kwenye kinywaji cha wenyewe. Huko ni kuiga. Kubuni ni kuanza na kitu chako. Mimi natoka Rombo, kwa nini nianze na daikiri ya Cuba wakati nina mbege?

Mpima Ndimu

Mtaalamu, hoja yako ina uzito na nitaijibu kwa mifano ya watu walioheshimika kwa ubunifu, uone walifanya nini hasa.

New York kulikuwa na baa ndogo, Milk & Honey, ya Sasha Petraske. Watu wake walichukua chachu ya wiski, wakatoa sukari wakaweka shira ya asali, ikaitwa Gold Rush. Mwaka 2005 Sam Ross wa baa hiyohiyo akaichukua Gold Rush, wiski akaweka ya Uskochi, akaingiza tangawizi, na juu akamwagia kidogo wiski ya kisiwa cha Islay yenye harufu ya moshi. Hiyo ndiyo Penicillin, leo inanywewa dunia nzima. Ukiirudisha nyuma hatua kwa hatua unafika kwenye pombe kali, limau na utamu.

Phil Ward, New York hiyohiyo, mwaka 2007: Old Fashioned, ila badala ya wiski tekila na mezcal (pombe kali za Mexico za mmea wa agave), badala ya sukari shira ya agave. Oaxaca Old Fashioned. Ilisaidia kuwafanya Wamarekani wengi waiangalie mezcal kwa jicho jipya.

Negroni yenyewe, kwa masimulizi ya Florence ya mwaka 1919, ni Americano (Campari ambayo ni pombe chungu nyekundu, vermuti na soda) ambayo bwana mmoja aliomba soda itolewe, iingie jini.

Na Last Word ya Detroit, ya enzi za kabla ya marufuku ya pombe Marekani: jini, Chartreuse ya kijani (pombe tamu ya mitishamba), maraschino (pombe tamu ya cheri) na ndimu, sehemu nne sawasawa. Sam Ross aliiga ule usawa tu, akabadilisha chupa: bourbon (wiski ya Marekani), Aperol na Amaro Nonino (pombe chungu-tamu za Italia), na limau. Ikawa Paper Plane. Ladha haifanani hata kidogo, lakini mifupa imekopwa.

Kwa hiyo anza na mbege yako, sikuzuii. Mimi mwenyewe mara nyingi naanza na tunda nililoliona soko la Darajani asubuhi. Ila utafika mahali itabidi ujiulize: mbege inakaa kiti gani? Ni kali? Hapana. Ni chachu na ya nafaka, ina ulezi na ndizi, kwa hiyo inakaa pale ambapo wenzetu wanaweka bia au mvinyo wa mapovu, yaani mwishoni, kurefusha. Ukishajua kiti, umerudi kwenye mifupa.

Mtaalamu Uchwara

Hapo kwenye kiti nimekuelewa. Bado nasema ni vizuri mtu aanze na cha kwao ndipo atafute mifupa, si kinyume chake. Vinginevyo kila hoteli ya pwani itakuwa na "mojito ya pasheni" na tutaiita ubunifu.

Mpima Ndimu

Mojito ya pasheni hiyo hata mimi imenichosha. Tumekubaliana hapo.

Kaka Shifti ya Usiku

Tukiwa kwenye vya kwetu: mnazi je? Na gongo? Kuna jamaa anasema gongo iliyochujwa kwa mkaa ni sawa na vodka.

Mpima Ndimu

Mnazi ndiyo, kwa sharti moja: uwe wa leo. Unaendelea kuchacha muda wote, na ukilala unaelekea kwenye siki. Wa asubuhi ni mtamu wenye mapovu laini. Weka 60 ml juu ya jini, ndimu na shira, usiutikise. Ulanzi wa Iringa vilevile, kama uko karibu na mianzi.

Gongo usiguse kaunta yangu. Kwanza ni kinyume cha sheria Tanzania. Pili, pombe ya kienyeji isiyopimwa inaweza kuwa na methanoli, na methanoli huioni kwenye glasi, wala ulimi hautaitofautisha. Mkaa hauitoi. Inaua na inapofusha. Kirinyaga nchini Kenya watu walikufa mwaka 2024 kwa pombe chafu. Jamaa yako mwambie vodka haitambuliki kwa kutokuwa na rangi.

Kijana wa Sinza

Konyagi je? Nataka nitumie Konyagi kwenye daikiri badala ya ramu, ndiyo ninayoimudu.

Mpima Ndimu

Safi sana, na hapo ndipo hesabu inaanza kukulipa. Ramu nyingi nyeupe ni asilimia 40. Konyagi ni asilimia 35. Kwenye 60 ml ya ramu unapata pombe halisi 24 ml, kwenye Konyagi unapata 21. Ukiacha kila kitu kama kilivyo, kinywaji kitaonekana chepesi, na maji ya barafu yatakimaliza kabisa. Una njia mbili: pandisha Konyagi hadi karibu 70 ml, au baki 60, upunguze ndimu na shira kidogo na kutikisa kwa muda mfupi zaidi. Mimi nachagua ya pili, mfuko unapumua. Kisha harufu: Konyagi ina harufu yake ya viungo kama ya jini, kwa hiyo ganda la ndimu au jani la mchaichai linaipokea vizuri kuliko mdalasini.

Na kwa wenye biashara: chupa ya 750 ml ikitoa 60 ml ni glasi 12 na mabaki kidogo. Ukimwaga kwa jicho 70 ml unapata 10. Glasi mbili za kila chupa zinakwenda wapi? Hapo ndipo meneja anapokuita ofisini.

Mama Iliki

Naomba somo la uchachu wa matunda yetu. Ndimu ikipanda bei nabaki na ukwaju na ubuyu tu.

Mpima Ndimu

Ndimu na limau ni wakali, karibu asilimia 6 ya maji yake ni asidi. Chungwa halifiki hata robo ya hapo, ndiyo maana ukibadilisha ndimu kwa chungwa kinywaji kinalala. Chungwa lihesabu upande wa utamu.

Ukwaju ni chachu ya aina nyingine. Asidi yake kubwa ni ileile ya zabibu, tartariki, inakaa pembeni mwa ulimi kwa muda mrefu na ina uzito wa tunda lililokauka. Unapenda pombe zenye rangi: ramu nyeusi, wiski, brandi. Ukiuweka peke yake kokteli inakuwa na giza, haichangamki, kwa hiyo mimi huongeza 10 ml tu za ndimu iunyanyue.

Ubuyu una unga mwingi, unafanya kinywaji kiwe kizito mdomoni. Uchuje kwa kitambaa mara mbili au uukubali uzito huo na uutumie mahali ambapo wengine wanaweka ute wa yai. Pasheni ina harufu inayotawala kila kitu; ukitaka jini isikike, pasheni isizidi 20 ml. Embe bichi lililokamuliwa na chumvi kidogo halijapewa haki yake na mtu yeyote, nasema hivyo bila aibu.

Chumvi, kwa njia: gramu 20 kwa maji gramu 80, weka kwenye kichupa cha matone. Matone mawili kwenye kokteli ya ndimu. Hutasikia chumvi, utasikia uchungu umepungua na tunda limesogea mbele.

Viungo vya Zanzibar nitasema kwa kifupi kwa sababu watu wanaviharibu. Karafuu mbili kwenye nusu lita ya shira ni nyingi tayari. Iliki pasua, acha kwenye shira ya moto ikipoa, chuja. Mdalasini usiuache usiku kucha, unatoa ukakasi. Ukiloweka kwenye pombe kali badala ya shira, onja kila baada ya saa chache, kwa sababu pombe inavuta haraka.

Nyundo ya Mwanza

Nakubali nimeanza kupenda huu uzi. Niulize: mnajifunzia wapi rasmi? Mjomba hana cheti na mimi nakitaka.

Kaka Shifti ya Usiku

Dar kuna Chuo cha Taifa cha Utalii, VETA nako kuna kozi za hoteli. Nairobi kuna Kenya Utalii College, kipo tangu miaka ya 70. Kuna pia chama cha kimataifa cha watu wa kaunta, IBA, kilianzishwa Uingereza mwaka 1951, orodha yao ya kokteli ndiyo wengi wanayoulizwa kwenye usaili. Kariri vipimo, si majina tu.

Mchaga wa Kwenye Lami

Wakuu, nina mashindano ya ndani hotelini, mwisho wa mwezi. Nimebuni hii, naombeni mnichane bila huruma:

Konyagi 60 ml
Juisi ya ukwaju 45 ml
Juisi ya nanasi 60 ml
Asali 30 ml
Tangawizi
Mnanaa
Pilipili mbuzi kipande
Stoney kumalizia

Wote wanaonja wanasema "tamu sana," lakini hakuna aliyeomba glasi ya pili.

Mpima Ndimu

Wamekujibu kwa sentensi moja: tamu sana. Asali 30 ml ina sukari kama gramu 34. Daikiri nzima ina 13 na nusu. Juu yake kuna nanasi, na juu ya nanasi kuna Stoney, zote zina sukari. Halafu tangawizi umeiweka mara mbili, maana Stoney ni tangawizi tayari.

Niambie kitu kimoja: kati ya vyote hivyo, kipi unataka mtu akikumbuke kesho?

Mchaga wa Kwenye Lami

Ukwaju na pilipili. Bibi yangu alikuwa anatupa ukwaju na chumvi na pilipili.

Mpima Ndimu

Basi futa nanasi, mnanaa, Stoney na tangawizi. Mifupa yako ni ya daikiri:

Konyagi 60 ml
Maji ya ukwaju mazito, yaliyochujwa, 30 ml
Ndimu 10 ml
Shira ya asali (nusu asali, nusu maji ya moto) 25 ml
Chumvi matone mawili
Pilipili mbuzi: kipande chembamba bila mbegu, kiingie kwenye shira ikiwa ya moto, dakika kumi, kitolewe

Tikisa na barafu ngumu sekunde kumi, chuja mara mbili kwa sababu ya nyuzi za ukwaju. Glasi fupi, bila barafu. Mdomo wa glasi nusu yake upake ndimu na uchovye kwenye chumvi, nusu uache wazi ili mteja achague.

Onja kwanza kabla ya kuongeza chochote. Kikiwa kikali mno, gusa shira peke yake, 5 ml kwa 5 ml. Usiguse kingine siku hiyo. Na unapoonja, tema. Mtu wa kaunta aliyelewa hawezi kuonja.

Mchaga wa Kwenye Lami

Mrejesho wakuu. Nilianza na 25 ml ya shira, ikanibana. Nikapandisha hadi 30, nikaishia hapo. Pilipili inakuja mwishoni, baada ya kumeza. Dada wa mapokezi ameomba ya pili kabla sijamwambia ina nini ndani. Meneja kasema anaipeleka mezani Ijumaa kama kionjo kwa wageni.

Mama Iliki

Hongera mwanangu! Mimi naiiba bila Konyagi, naweka ile chai nzito. 😄

Mpima Ndimu

Hongera sana. Kabla ya Ijumaa fanya hili moja: andika ukwaju kwa gramu na maji kwa gramu. Ukwaju wa gunia hili hauchachuki sawa na wa gunia lijalo, na ukiandika "ukwaju 30 ml" tu, mwenzako wa shifti ya usiku atatengeneza kinywaji kingine kabisa.

Mchaga wa Kwenye Lami

Ukwaju usio na kokwa gramu 100, maji ya moto gramu 200, unaloweka nusu saa, unakanda, unachuja kwa kitambaa. Nimebandika karatasi ukutani nyuma ya kaunta.

Kaka Shifti ya Usiku

Ilamineti mkuu. Wiki moja tu ukutani kwenye kaunta karatasi inakuwa shira.